Tahadhari: Muuzaji wa suti Kariakoo anayebadilisha mzigo suruali ikipelekwa kupindwa

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira, na aibu pia, kwa sababu Jumamosi iliyopita nilimlipa mtu shilingi 180,000 na leo sina suti ya kuingia nayo ofisini. Niliihitaji kabla ya tarehe moja, kwa ajili ya kuanza kazi.

Sikwenda kichwa kichwa. Nilikwishazunguka mitumba ya Karume Jumapili mbili, nikaona makoti mazuri ya sufu yasiyo na suruali zake, ndipo nilipopanda duka moja la ghorofani Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Kongo. Muuzaji ni mtu mzima wa umri wa baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, naye tangu hapo akaniita mwanangu. Nilipomuuliza kama kitambaa ni sufu kweli, hakubishana, bali aliigeuza suruali ndani nje, akachomoa uzi mmoja kwenye mshono, akauwasha kwa kiberiti na kunisogezea puani. Ulinuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake yakasagika vidoleni mwangu. Hivyo ndivyo sufu inavyoungua, nami nalijua hilo, kwani poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Ningemshuku vipi mtu aliyekubali kuchoma mali yake mbele yangu? Koti lilinikaa mabegani kama nimeshonewa.

Suruali ilikuwa ndefu kwa inchi mbili. Akasema fundi wake yuko chumba cha nyuma, akachukua suti nzima, akaagiza niletewe soda, na baada ya robo saa ikarudi ndani ya mfuko mweusi ambao zipu yake ilikuwa imebandikwa utepe, akiniasa nisiufungue njiani vumbi lisije likaingia. Nikamshukuru, tena kwa kuinama.

Nyumbani niliitundika kwenye henga pana, na Jumatano alfajiri nikaipiga pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa chenye unyevu, kama sufu inavyotakiwa kutunzwa. Kifua cha koti kikatoka malengelenge mbele ya macho yangu, kwa kuwa kile kitambaa kigumu cha ndani kilikuwa kimeshikizwa kwa gundi duni iliyoachia kwa joto na mvuke. Fundi wa mtaani kwetu alichoma uzi wa suti hiyo, ukayeyuka na kuganda. Rangi ni ileile na vifungo ni vilevile, lakini si suti niliyoijaribu.

Niliporudi dukani aliniambia, mbele ya wateja, "Mwanangu, ulichojaribu ndicho ulichobeba," nami sikuwa na risiti ya kumwonyesha. Mtu huyu anastahili kunyang'anywa leseni na kufikishwa mahakamani, na arudishe kila shilingi aliyowala vijana wanaoanza kazi, kwa sababu anawalenga wao akijua hawana muda wala fedha ya kununua tena. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na barua yangu kwa Tume ya Ushindani nimekwishaiandika.

Sasa naona nilichopaswa kukiona mapema: hakutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, akisema mashine ina hitilafu; malipo aliyataka kwenye namba ya simu yenye jina la mwanamke; na koti halikuwa na sababu yoyote ya kwenda kwa fundi wakati kilichozidi ni suruali. Mfuko uliofungwa utepe ufungueni palepale dukani. Kama nawe umenunua hapo, chomoa uzi kwenye pindo la ndani uuchome leo, na ukiyeyuka nipigie kabla ya Ijumaa, kwa maana ndiyo siku ninayopeleka barua na ningependa isiende na jina langu peke yake.