Kamusi ya Cambridge mtandaoni: nzuri kwa maneno yanayofanana, mradi ushuke mpaka chini ya ukurasa

Ni ya bure, na kwa anayechanganya maneno ya Kiingereza yenye sura moja tunaipa nafasi ya juu kwa sababu hii: matamshi yanakaa pamoja na maana. Nomino ina spika zake (alama za kubonyeza ili usikie neno), kitenzi kina zake, ya Uingereza na ya Marekani.

Tafuta "desert". Nomino ni jangwa, hutamkwa /ˈdez.ət/. Kitenzi ni kutelekeza, /dɪˈzɜːt/. Kisha fungua "dessert", yaani kitindamlo: nalo ni /dɪˈzɜːt/, sawasawa na kile kitenzi ingawa tahajia ni tofauti. Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili huteleza. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno la silabi mbili tunalipiga mkazo mwanzoni bila kufikiri, na aliyeomba kitindamlo anasikika akitaja jangwa. Kialama kile cha juu (ˈ) husimama kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake. Wengi hukisoma kinyume. Nukta nayo hutenga silabi: "quiet", kimya, ni /ˈkwaɪ.ət/, silabi mbili; "quite", kabisa au kiasi, ni /kwaɪt/, moja tu.

Kwa "lose" na "loose", usidanganywe na o mbili. Irabu ni ileile ndefu. Kinachotofautisha ni konsonanti ya mwisho: sauti ya z ni "lose", kupoteza; sauti ya s ni "loose", kulegea.

Kasoro kubwa inaonekana kwenye simu. Mtu anaandika "lead", anabonyeza spika ya kwanza, anasikia /liːd/, kuongoza, anafunga. Metali ya risasi, /led/, iko chini zaidi kwenye ukurasa huohuo. Vivyo hivyo "wind", "tear" na "minute": shuka mpaka uone kila aina ya neno.

Tena, maneno mawili hayawekwi bega kwa bega. Fungua kurasa mbili, uzisikilize kwa kupokezana, na ubaki na spika ya nchi moja. Mmarekani huitamka r ya "desert", na ukichanganya utadhani hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta.

Maelezo ya maana ni ya Kiingereza. Anayeanza awe na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kando.