Saluni ya Ganjoni Inayotunza Nywele za Kushonea Baada ya Siku ya Kushonewa

Mombasa haina uhaba wa wasusi wanaojua kushonea nywele, kwani kuanzia Mwembe Tayari hadi Bombolulu hutakosa mtu wa kukusuka matuta na kukushonea kanda za nywele juu yake ukatoka umependeza. Kilicho adimu ni saluni inayoendelea kumhesabu mteja kuwa wake katika wiki zinazofuata, wakati nywele zinapoanza kulegea, kutoa jasho na kuwasha. Saluni ninayoieleza hapa iko Ganjoni, katika ghorofa ya kwanza, nayo ni ya wanawake peke yao. Mlangoni kuna pazia zito, kwa hiyo anayevaa hijabu hukaa kichwa wazi bila wasiwasi. Nimekuwa mteja wao kwa muda mrefu wa kutosha kuona kazi yao ikianza na ikimalizika, na ninaisifu hasa kwa namna inavyopanga miadi.

Siku unaposhonewa, msusi mkuu hufungua daftari na kuandika tarehe zako zote kwa pamoja: ya kuosha baada ya wiki mbili hivi, ya kukagua na kukaza katikati ya muda, na ya kufumua kati ya wiki ya sita na ya nane. Mpango huo una sababu. Nywele za mtu hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo matuta hujitenga na ngozi, ukanda ukaanza kuning'inia, na uzito uliokuwa umegawanywa kichwa kizima ukaangukia nywele chache za pembeni. Tena nywele 50 hadi 100 ambazo kwa kawaida hudondoka kila siku hazina pa kutokea zikiwa ndani ya matuta. Zikiachwa miezi mitatu au minne hujisokota zikawa mafundo, na siku ya kufumua huondoka pamoja na nzima.

Kazi ya kuosha ndiyo inayoipambanua saluni hii na nyingine nyingi za mji wetu. Joto la hapa na unyevunyevu wa bahari, hasa wakati wa kaskazi, hulowesha kichwa kwa jasho hata kwa mtu aliyeketi kivulini, na chini ya mtandio hali huwa nzito zaidi. Isitoshe, visima vingi vya kisiwani hutoa maji ya chumvi, ambayo hayatoi povu vizuri na huacha nywele zikiwa ngumu na zimefifia. Hapa huosha kwa maji matamu yanayonunuliwa na kuhifadhiwa katika tangi, hata majuma ambayo mifereji imekauka. Shampuu huchanganywa na maji katika chupa yenye mdomo mwembamba, ikamiminwa kati ya tuta na tuta, kisha msusi akasugua ngozi kwa ncha za vidole wala si kwa kucha. Kondishona hupakwa kwenye urefu wa nywele tu, mbali na uzi, ili mafundo ya mshono yasiteleze.

Baada ya hapo huja kukausha, na hapo ndipo saluni nyingi hukimbilia mwisho, kwa kuwa nywele za juu zikishakauka mteja huonekana tayari. Matuta yaliyofunikwa na ukanda hukawia sana kukauka, na yakibaki na majimaji huanza kunuka na hata kuota ukungu. Katika saluni hii hukamuliwa kwa taulo bila kusuguliwa, kisha unakaa chini ya draya kwa moto wa wastani muda mrefu kuliko utakavyopenda, na msusi hakuachii mpaka apenyeze kidole chini ya kila ukanda na kujiridhisha. Sijawahi kutoka pale na kichwa kibichi.

Katika kukaza, hawafumui kila kitu na kuanza upya. Huangalia penye ulegevu, mara nyingi juu ya masikio na kisogoni, wakarudia mshono kwa sindano iliyopinda, huku wakiuliza kila hatua kama pana maumivu. Msusi mkuu, mama wa makamo mwenye mikono myepesi, hukataa katakata kuvuta nywele za ukingo wa uso, hata mteja akisisitiza. Nilimsikia akimwambia binti aliyetaka kushonewa upya siku hiyohiyo aliyofumua, "Mwanangu, ukingo huu ukienda haurudi, pumzisha kichwa wiki mbili, kisha uje." Alisema kweli: mvuto wa muda mrefu hutia vinyweleo makovu, na penye kovu nywele haioti tena. Nilithamini kwamba aliacha malipo ya siku hiyo yampite.

Wanasema ukweli pia kuhusu nywele unazoleta mwenyewe. Kanda za bandia hawaziweki kwenye pasi ya moto. Zile zinazouzwa kuwa za binadamu huzitazama kwanza, kwani nyingi hupakwa silikoni inayong'aa dukani na kutoweka baada ya kuoshwa mara chache. Ukanda ulioshonwa kwa mashine wakifika pembeni huukunja badala ya kuukata, maana ukikatwa ovyo huanza kumwaga nywele.

Dosari zipo. Ijumaa na Jumamosi, na zaidi siku za kukaribia Idi au msimu wa harusi, miadi ya saa tisa huweza kuanza saa kumi na moja, na hakuna anayekuja kukueleza sababu. Bei hazijabandikwa ukutani. Mimi hulipa shilingi 1,200 kwa kuosha na kukagua na 800 kwa kukaza, lakini nimeona mgeni akishangaa mwishoni kwamba dawa ya kutunza ngozi ya kichwa ilihesabiwa kando. Hilo lingeondolewa kwa karatasi moja tu yenye orodha ya bei. Kwa jumla ni ghali kuliko vibanda vya mtaani, ingawa ukizingatia kuwa kanda nzuri hugharimu maelfu ya shilingi, na kwamba zikitunzwa hivi hushonewa tena na tena, sioni kuwa ni fedha za kupotea.

Siku ya kufumua hukata uzi polepole kwenye mwanga wa dirisha, wakachana nywele zako kuanzia ncha kabla hazijaguswa na maji, na kanda zako hurudishwa zimeoshwa, zimekauka na kufungwa kwenye kitambaa. Anayetaka nafasi apige simu mwanzoni mwa wiki na kutuma amana kwa M-Pesa, aulize bei kamili kabla ya kuketi, na aende bila kupaka mafuta mazito, kwa kuwa msusi hukagua kwanza ngozi ya kichwa kabla ya kukubali kushonea chochote.