Kongamano la ndani la madevelopa wa kampuni yetu, Arusha: kodi zetu wenyewe (code, maandishi ya programu) zilianikwa mezani

Wadau habari zenu. Kampuni ninayofanyia kazi, tunatengeneza mifumo ya mauzo ya maduka na famasi, ilitukusanya madevelopa wote wa Dar, Mwanza na Arusha kwenye kongamano la ndani kuhusu zana za kutengenezea programu, likafanyika hotelini huku upande wa Njiro, na watu kadhaa wameniuliza kama na kampuni zao zifanye kitu kama hicho. Jibu langu ni ndiyo, zifanye, ila kuna vitu vilienda vizuri sana na vingine vilitukwaza kwelikweli.

Kikubwa kuliko vyote ni kwamba ukiwa ndani ya kampuni unaweza kufungua kodi halisi ya kazini mbele ya watu. Kwenye makongamano ya wazi haiwezekani, mtoa mada anakuja na kamfano kasafi alikokatengeneza jana usiku, kila kitu kinakubali, mnapiga makofi, ukirudi ofisini kwenye mradi wa miaka kibao ulioguswa na watu ambao hata hawapo tena hakuna kinachokubali. Hapa milango ilifungwa, wote tumesaini mikataba ileile ya siri za kampuni, basi uozo wote ukatolewa nje.

Kipindi kilichonikuna zaidi kilikuwa cha dada mmoja wa ofisi ya Mwanza. Alichukua bagi (hitilafu ya programu) ambayo wateja walishailalamikia: famasi inayofungua saa 24, mauzo ya kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa yanaingia kwenye ripoti ya siku iliyopita. Masaa matatu, aliyewahi kushika seva anajua hapo kuna habari ya UTC, yaani saa za kimataifa zinazotumika kwenye seva, maana saa zetu ziko mbele ya UTC kwa masaa matatu. Lakini zamani ripoti ilikuwa sawa, kwa hiyo swali likawa iliharibika lini na kwenye komiti gani (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye kodi), na kati ya toleo zima la mwisho na hili bovu kulikuwa na komiti kama elfu moja hivi.

Asee, aliandika testi fupi (kodi ya kujaribu kama programu inafanya sawa) ya mistari michache tu, uza panadol saa saba usiku halafu angalia imeangukia tarehe ipi. Akaanzisha git bisect (amri ya Git, zana ya kutunza historia ya kodi), akaiambia komiti hii mbovu, ile nzima, kisha akaiachia testi iende yenyewe kwa git bisect run. Git inachukua komiti ya katikati inaipima, ikiwa mbovu basi tatizo liko nusu ya nyuma, ikiwa nzima liko nusu ya mbele, inaendelea kukata nusu kwa nusu hivyohivyo, yaani elfu moja unazimaliza kwa kupima mara kumi hivi tu. Ukumbi mzima unaangalia terminali inavyoshuka mpaka ikasimama kwenye komiti moja: mtu alikuwa anaharakisha swali la database, akafuta kipande kinachobadilisha muda kwenda saa za hapa kwetu (Africa/Dar_es_Salaam). Mstari mmoja. Watu waliguna kwa pamoja, wengi tulikuwa tunatafuta bagi za aina hiyo kwa macho, unafungua faili moja baada ya jingine mpaka jioni.

Na hapa nawasifu sana waandaaji. Walishaweka sharti kwamba jina la aliyeandika kodi halioneshwi popote, wakalificha kabisa kwenye skrini. Msiliruke hilo mkiandaa la kwenu, maana developa mdogo akiaibishwa mara moja mbele ya mabosi hatafungua tena mdomo, na vipindi vyote vitakuwa vya kusifiana.

Sasa kero. Intaneti ya hoteli ilikuwa mbovu, hakuna namna nyingine ya kusema. Warsha ya Docker, zana ya kufungasha programu pamoja na vyote inavyohitaji, ilipoanza kila mtu akaanza kushusha imeji (vifurushi hivyo) zilezile kwa wakati mmoja, moja tu ina mamia ya MB, mtandao ukalala palepale. Muda mwingi wa warsha ulipotea tukiangalia asilimia zisizosogea, na hoteli ilikuwa imeahidi mtandao wa uhakika. Aliyetuokoa ni chalii mmoja wa ofisi ya hapahapa Arusha, imeji alikuwa nazo tayari, akazitoa kwa docker save akaziweka kwenye flashi, flashi ikazunguka meza kwa meza kila mtu anafanya docker load. Kipindi cha bisect chenyewe hakikuguswa kabisa, Git tangu Linus Torvalds aitengeneze mwaka 2005 inakuwekea historia yote ya mradi kwenye laptopu yako, mtandao uwepo usiwepo unaendelea na kazi.

Kilichobaki cha warsha hiyo kilitosha kutuonesha kosa lililokuwa karibu kwenye kila mradi wetu. Dockerfile zetu, faili za maelekezo ya kujenga imeji, zilikuwa zinakopi kodi yote kwanza ndiyo zinasakinisha maktaba (kodi zilizoandaliwa tayari ambazo programu inazitegemea), kwa hiyo ukibadilisha hata herufi moja Docker inaona tabaka (hatua moja ya imeji) limebadilika, inasakinisha kila kitu upya. Ukikopi kwanza faili la orodha ya maktaba, ukasakinisha, ndipo ukaleta kodi iliyobaki, lile tabaka zito linatumika tena lilivyo. Bildi (ujenzi wa imeji) ya mradi wa stoku iliyokuwa inakula karibu robo saa ikashuka mpaka dakika mbili tatu, tena palepale ukumbini.

Kipindi cha wasaidizi wa AI wa kuandika kodi kama Copilot kilikuwa cha kawaida, slaidi nyingi kazi kidogo, ila kilizaa mjadala wa maana pale mtu alipouliza hizi testi zetu zenye namba za simu za wateja wa kweli zikitumwa nje kwa hao wasaidizi inakuwaje. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa nchini, na hata kabla ya sheria namba ya mgonjwa wa famasi haina kazi yoyote kwenye faili la testi. Ikakubaliwa zitolewe zote, ziwekwe za kubuni. Kwangu mimi uamuzi huo peke yake ulilipa nauli za watu wote.

Chakula safi, mtori wa asubuhi ulikuwa mzito na wa moto, na kwa baridi ya Julai ya Arusha ulihitajika, wenzetu wa Dar walikuja na fulana nyepesi wakaishia kununua masweta Kaloleni.

Nawapa nne kati ya tano. Mwakani punguzeni slaidi, ongezeni vipindi vya kufungua kodi zetu, njooni na imeji zote kwenye flashi au mweke seva ndogo ukumbini, na msipange vipindi viwili vizuri kwa saa moja, mimi nilikosa cha kudibagi simu za Android kwa sababu hiyo tu. Halafu kamati tafadhali, video za siku ya pili bado hamjaziweka na kuna wenzetu walibaki zamu ofisini ili sisi tusafiri, wanazisubiri.