Boti ya kukodi mto Thames, Uingereza, kutoka Abingdon mpaka Lechlade

Nyota nne. Ile moja nimewanyima waliotukodisha boti (jina naliacha), maana maelekezo yao yalikuwa ya chapchap, wametuonyesha gia, choo na jiko, mambo ya kamba ndani ya loki (kile chumba cha mageti mtoni kinachopandisha na kushusha boti) hamna. Mto wenyewe sina neno.

Watu wanaogopa sana loki lakini ukweli ukiwa unatokea Abingdon kupanda mpaka Godstow mageti ni ya umeme, na kiangazi mara nyingi unamkuta mhudumu wa loki anakufungulia na kukuambia ukae wapi. Wewe zima injini, zungusha kamba ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma) kwenye zile nguzo fupi halafu USIFUNGE, ishike mkononi uwe unaivuta au kuilegeza maji yanavyopanda na kushuka. Ukifunga na maji yanashuka boti itaning'inia kama nguo kwenye kamba, sitanii. Na loki ikiwa inawashusha angalieni kizingiti kule nyuma chini ya geti la juu, tezi ikikalia pale boti inainama. Sandford ndiyo inashusha sana, karibu mita 2.7, ila utulivu tu. Hiyo na Iffley zina historia, loki zilijengwa pale tangu miaka ya 1630.

Kuanzia King's Lock kwenda juu ni nguvu zako mwenyewe, mageti ya kusukuma kwa mkono, na hapo ndo raha ilipo aisee, ng'ombe, majani, boti chache.

Cha kuogopa hasa ni banio, maana kila loki ina la kwake pembeni, ndilo linalozuia maji mto usikauke, na maji yote yasiyopita kwenye loki yanamwagikia huko. Pale Sandford kuna mnara wa kuwakumbuka wanafunzi wa Oxford waliozama kwenye banio. Kwa hiyo fuata mishale, usikatize karibu na maboya, na kwenye loki soma ubao: wa njano unakuambia mkondo unaongezeka au unapungua, mwekundu ni mkondo mkali, we funga boti kando unywe chai, hata kama siku za kukodi zinaisha.

Mwenye boti yenye kibanda kirefu kwenda juu apime kabla ya kulipia, daraja la Osney pale Oxford lina nafasi ya mita 2.28 tu juu ya maji, kubwa zote zinageuzia hapo.