Askernish kwa miguu: fimbo saba zinatosha

Nilibeba fimbo kumi na nne za gofu. Nikirudi nitabeba saba. Kwenye uwanja wa gofu wa Askernish, kisiwani South Uist magharibi mwa Uskoti, kupiga mpira ni dakika chache tu. Saa zilizobaki ni za kutembea, na bega langu lililijua hilo kabla yangu.

Mashimo sita ya mwanzo, yaani vipande sita vya kwanza vya uwanja, yalinihadaa. Ardhi ni tambarare, nikaanza kujiuliza meli yote ile nimepanda ya nini. Shimo la saba likanijibu. Unapanda tuta la mchanga lililofunikwa nyasi, na ghafla Atlantiki hii hapa, matuta yamekuzunguka, njia ya kupita huioni mpaka umeshaingia ndani yake. Tangu hapo nyayo ndizo zilizonisomea uwanja. Mguu ukiyumba kuelekea kushoto, basi mpira nao utabingirikia huko huko, hata kama jicho linasema vingine.

Old Tom Morris, mchezaji na mbunifu wa viwanja vya gofu, aliuchora uwanja huu mwaka 1891. Baadaye sehemu kubwa ikapotelea matutani, hadi ulipofufuliwa na kufunguliwa tena 2008. Ardhi haikulainishwa ili impendeze mgeni: mchanga wake umechanganyika na makombe ya baharini yaliyosagika, hawatumii dawa wala mbolea ya viwandani, na majira ya baridi mifugo hulisha humo humo. Kwa hiyo mpira ukiruka vibaya usinune. Anayetaka zulia la kijani atafute kwingine; mimi niliupenda uwanja huu hivyo ulivyo.

Upepo sasa. Ukikujia usoni, umbali ulioandikwa kwenye kadi ni pambo tu. Pale ambapo kwa kawaida fimbo namba nane ingenifikisha, nilitoa namba tano, inayopiga mbali zaidi, na mpira bado ukadondokea njiani. Mikwaju mingi imepotea kabla sijakubali kuupiga chini chini, utambae ardhini kama sungura. (Sungura wapo pia, na mashimo yao hayana bendera.)

Kuna kitu sikukitarajia: kati ya pigo na pigo nilikuwa naacha kuwaza lile lililoharibika. Ukishuka bondeni upepo unakatika, unasikia pumzi yako mwenyewe na ndege; ukipanda, unachapwa tena. Hasira haipati nafasi ya kukaa.

Nimetoa nyota tano. Viatu visivyopitisha maji ni lazima, na soksi beba jozi mbili.