Nimepeleka kori 6 za transfoma kupikwa tanurini: uzoefu wangu

Nasuka transfoma za inveta (mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) hapa Dar es Salaam, zile za mviringo kama donati. Kori, yaani kiini cha chuma kinachosukiwa waya, nazizungusha mwenyewe kutokana na utepe wa chuma cha silikoni ninaoutoa kwenye transfoma kuukuu zilizouzwa skrepa. Kwa miaka mingi nikishamaliza kuzungusha nafunga karatasi, nasuka waya wa kopa, nauza. Kazi zilitoka, ila zilikuwa zinavuma na kupata moto hata pasipo mzigo. Wateja wa sola wakawa wananirudia: "Fundi, usiku hatukuwasha kitu, asubuhi betri iko chini."

Nikailaumu waya, kumbe tatizo ni chuma. Utepe huu una silikoni kama asilimia 3, na kiwandani umepitishwa kwenye rola na moto mpaka chembe zake zikalala upande mmoja. Njia hiyo ni ya Mmarekani Norman Goss, aliyepata hataza mwaka 1934. Usumaku unateleza vizuri kufuata urefu wa utepe, lakini ukishaukata na kuukunja, mkazo unabaki ndani ya chuma, na usumaku unakwamakwama kila umeme unapogeuza mwelekeo. Dawa ni moto wa nyuzi 800 na kitu, mahali pasipo oksijeni, kisha kupoa taratibu.

Karakana ya kwanza niliyoijaribu sitaitaja. Waliziweka kori zangu mbili kwenye tanuri lenye hewa ya kawaida, wakazitoa zikiwa bado nyekundu na kuzilaza kwenye sakafu ya saruji. Zilirudi na magamba meusi, tabaka za nje zimejikunja. Hela ilikwenda na chuma kikaharibika. Iliniuma sana, maana utepe mzuri haupatikani kila siku.

Karakana ya pili kazi yao hasa ni kukomaza gia na dai (vyuma vya kukatia na kuumbia vyuma vingine). Mzee anayesimamia tanuri alipitisha kidole kwenye kori ya kwanza, akakitazama, akanirudishia zote sita. "Kijana wangu, mafuta haya yakiungua humo ndani yanakuwa kaboni. Kaboni ikiingia kwenye chuma chako, hata nikipika wiki nzima sitakusaidia." Nilirudi nyumbani nikaziosha kwa thina mara mbili na kuzianika mpaka zikakauka kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Alizipanga kwenye sanduku la chuma lenye kifuniko, zimelala bapa, moja isiielemee nyingine. Bomba la nitrojeni likaingizwa kwanza ili kusukuma hewa yote nje, ndipo moto ukawashwa: nyuzi 820, saa mbili, themokapo, kile kipima joto cha waya, ikiwa ndani ya sanduku lenyewe. Kisha akazima umeme na kuacha mlango umefungwa, gesi ikiendelea kupita.

Kesho yake saa tatu asubuhi nikampigia simu. "Shikamoo mzee. Kori zangu zimeiva?"

"Marahaba. Kuiva ziliiva jana. Bado kupoa."

Hafungui mpaka zishuke chini ya nyuzi 300. Anasema ukiharakisha, upande wa nje unapoa kabla ya ndani, chuma kinavutana, na mkazo uliolipia kuuondoa unarudi. Nilizichukua jioni. Rangi ilikuwa kijivu safi, kutu hakuna, na utepe hauruki tena kama springi ukiulegeza.

Sasa vipimo. Kori zangu zina uzito wa kilo 3 hivi kila moja. Navingirisha waya mizunguko 20 ya majaribio, naipa volti 9.5 kutoka kwenye variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono), nasoma ampea; zikiwa chache ndiyo kori nzuri. Kabla ya kupikwa zilikuwa zinavuta 1.8. Baada ya kupikwa, 0.45. Nilidhani mita imeharibika, nikaazima ya jirani, ikasoma vilevile. Ukiweka sikio karibu, mvumo ni wa kutafuta.

Kasoro zipo. Tanuri halitoi karatasi yoyote ya kumbukumbu ya joto, kwa hiyo unategemea neno la mzee na mita yako mwenyewe. Foleni ni ndefu pia. Nilisubiri siku tisa mpaka wapate mzigo wa kujaza sanduku. Bei ilikuwa shilingi 15,000 kwa kori, na kwangu inalipa, maana transfoma moja iliyorudishwa na mteja inanila zaidi ya hapo. Kori moja iligongwa ukingo wakati wa kupakia kwenye bodaboda. Ikabonyea kidogo tu, lakini ilipanda mpaka 0.7. Tangu siku hiyo nazifunga kwenye godoro la sponji, moja moja, na kwenye kufunga bolti sikazi nati kwa nguvu.

Kuna rafiki yangu anatengeneza vikuza sauti, alitaka kupeleka vifuniko vya myumeto vya kukinga transfoma ndogo. Mzee alimkatalia palepale: ile ni aloi yenye nikeli nyingi, inataka haidrojeni kavu na joto la nyuzi 1,100 na zaidi, na yeye hana tanuri la hivyo. Angeweza kuchukua hela na kuziharibu. Hakuchukua.

Kori nane nyingine ziko kwenye kamba uani hivi sasa, zinakauka thina. Jumatatu nazipeleka.