Boxer BM150 iliyozeeka Malindi: ifufuliwe au inunuliwe nyingine?

Boxer BM150, pikipiki ya Bajaj, ni rahisi kufufua: silinda moja, inapozwa kwa hewa, kabureta isiyo na makuu, na fundi yeyote wa Malindi anaijua. Injini ikichoka si sababu ya kuitupa. Kinachoimaliza hapa pwani ni chumvi.

Kwa hiyo anza na chesisi, yaani fremu. Toa kiti na tangi, kisha chokoa kwa bisibisi pale mkono wa tairi la nyuma unapofungwa, chini ya betri, na kwenye shingo ya usukani. Kutu ya juu juu inakwanguliwa na kupigwa rangi. Bisibisi ikizama, au ukikuta chuma kimechomelewa mtaani, usiongeze hata shilingi humo. Soma pia namba ya chesisi: ikiliwa na kutu hadi isisomeke, kubadilisha umiliki kutakutesa.

Chesisi ikiwa nzima, tazama moshi. Wa buluu ukiwasha asubuhi, kisha unakata: sili za vali (vimpira vinavyozuia oili), kazi ndogo. Wa buluu kila ukivuta mafuta: ringi za pistoni au silinda. Hapo usikubali ringi mpya peke yake, maana silinda iliyolika hazitaiziba. Ichongwe, ivishwe pistoni kubwa zaidi, ya milimita 0.25 au 0.50. Cheni na sproketi zote mbili (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) badilisha pamoja. Meno yaliyochongoka hula cheni mpya upesi.

Ukishaifufua, usiioshe kwa maji ya kisima yenye chumvi.